Trevizani wa Mutrah

Sleyum hakuwa mtu wa kukaa. Ukimletea kahawa ataipokea amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, na kikombe utakuja kukikuta dirishani kimesahauliwa, mwenyewe keshafika sokoni. Dada yangu Masouda akisema, "Huyu ana sisimizi kwenye nyayo." Mimi nikimwambia mwache, ndivyo walivyo kwao tangu babu yake.

Babu yake nilimuona kwa macho yangu, mimi kigoli. Mtaliana, fundi wa mashine za meli, mrefu, masikio mekundu kama yametoka jikoni. Meli yake ilikuwa inakwenda Banadiri, pwani ya Wasomali, akashikwa na homa njiani, wakamshusha Unguja wakijua wamemshusha kufa. Hakufa. Akasilimu, akaitwa Yusuf, akaoa mwanamke wa Kingazija pale mtaa wa Malindi, na mji mzima ukamwita Fundi Trevizani, maana jina la kwao hakuliacha. Watu walimwambia, wewe sasa Yusuf, yatosha. Akasema, "Yusuf ni mimi. Trevizani ni baba yangu, na baba yangu sitamtupa."

Yusuf akamzaa Thani, naye fundi. Thani akamzaa Sleyum. Kisha Thani na mkewe wakafa mwaka mmoja, Sleyum anasoma Kurani chuoni, umri wa kung'oka meno ya mbele. Shemeji yangu Marhoon, mume wa Masouda, alikuwa sahibu wa Thani, hawaachani. Akamshika mtoto mkono akamleta nyumbani kwake. Masouda siku hizo ana Hind mchanga kifuani, mtoto wake wa kwanza, na akawa wa mwisho, Mungu hakumpa tena.

Haya nnayaeleza polepole kwa sababu yote ya baadaye yamesimama hapo. Sleyum alipokuja kwa dada yangu alikwisha kuwa mkubwa, anatembea na kusema na kujibu. Maziwa ya Masouda hakuyaonja.

Kule Unguja hapakuwa na kificho. Alikuwa yatima aliyelelewa, na kila mtu anajua wa nani. Alipobaleghe akahamishiwa chumba cha nje, na sisi tukimsikia anakohoa uwani tunajitanda kanga. Hind akimwita Kaka Sleyum kwa adabu, basi.

Mwaka wa sitini na nne tukatoka. Tulivyotoka sielezi, kila nyumba ina yake. Tulishushwa mashuani Mutrah, Omani, hapo ilipo leo Bandari ya Sultan Qaboos, lakini wakati ule hapana bandari wala nini, mawe na maji. Forodhani watu wanaulizwa mmoja mmoja: kabila gani, shekhe wako nani? Asiye na shekhe wa kabila wa kumsemea haingii. Mbele yetu mtu mmoja aliulizwa akakosa la kusema, akarudishwa mashuani na mkewe na magodoro yao.

Shekhe wetu alikuwa amekuja mwenyewe, amekaa kwenye kiti, fimbo mapajani. Akatutazama. Marhoon akataja jina lake, na baba yake, na babu yake, mpaka alipofika huko ambako shekhe akaanza kuitikia kwa kichwa. Kisha mtu wa forodha akanyoosha kidole.

"Na huyu?"

Sleyum alikuwa amesimama na sanduku la spana la baba yake, kijana wa miaka ishirini, macho rangi ya asali, kila mtu anamuona si wetu. Marhoon akisema Trevizani, Sleyum anarudi melini, na meli inarudi kule kule.

Marhoon akasema, "Mwanangu."

Shekhe akampiga jicho Sleyum, akampiga jicho Marhoon. Akasema, "Wangu hawa wote." Neno lake likatuingiza.

Nnasema mpaka leo Marhoon alifanya sawa. Aliye na kinyume chake na aje nimsikie.

Lakini mambo kama hayo ukishayasema mara moja, yanataka kusemwa kila siku. Tulipata nyumba nyuma ya soko, nyumba ya udongo, joto kama tanuri la mkate, maji ya kununua. Majirani wanawake wakaja kututazama. Huku mwanamke haitwi kwa jina lake, anaitwa kwa mwanawe wa kwanza, basi dada yangu akawa Umm Sleyum. Mara ya kwanza alipoitwa hivyo aligeuka nyuma kumtafuta anayeitwa. Mara ya pili akaitika. Kule Unguja alisemwa sana kwa kukosa mtoto wa kiume, mawifi walimsema mpaka akakonda. Huku akawa mama wa mwanamume mrefu mwenye kazi mkononi, na nilimuona shingo inanyooka.

Kanga tukaacha kujitanda mbele ya Sleyum. Ilibidi. Jirani anaingia bila hodi, amkute mama anajifunika kwa mwanawe, ataondoka na nini?

Siku moja jirani mmoja, mwanamke mchokozi, akasema, "Umm Sleyum, kijana wako huyu kayatoa wapi macho yale? Hukumwokota?"

Masouda akajipiga kifua. "Nimemnyonyesha kwa ziwa hili miaka miwili kamili! Nani ataniambia si wangu?"

Nilikuwa nnakanda unga. Mikono ikasimama ndani ya sinia. Wale walipoondoka nikamwambia, "Dada, kusema mwanangu ni jambo moja. Maziwa ni jambo jengine. Maziwa yana sheria."

"Yana sheria kwa nani? Sleyum ataoa huku kwa watu. Wewe Sayyida unapenda kutafuta miba kwenye ndizi."

Nikarudi kwenye unga wangu. Yeye ni mkubwa wangu.

Sleyum alifanya kazi ya kutengeneza mashine za maji kwenye mashamba ya Ghubra, anakwenda kwa punda, anarudi amepaka mafuta mpaka nyusi. Halafu kampuni ya mafuta ilipoanza kujenga bandari yake Saih al-Maleh akaenda huko. Lakini kukaa hakai. Mara anataka kwenda Bahrain, mara Kuwait, mara anasema kuna kazi Abadan. Anafunga mzigo asubuhi, adhuhuri anaufungua. Marhoon akimuuliza unatafuta nini, anasema, "Sijui, Baba. Nnahisi kama nimevaa viatu vya mtu."

Mwaka wa sitini na saba meli kubwa za mafuta zikaanza kuja kupakia. Siku moja Sleyum akaja moja kwa moja chumbani kwangu, hata viatu hakuvua.

"Mama Mdogo, nimekutana na Trevizani."

"Umeota."

"Wallahi! Injinia wa meli, Mtaliana. Alishuka kutazama pampu pamoja nasi. Mtu akamwita kwa mbali, Trevizani! Na mimi nikageuka. Tumegeuka sote wawili!"

Nikamwambia kaa. Hakukaa. Akazunguka chumba huku anaeleza, mikono inaruka. Yule mtu naye alishangaa, akamuuliza kwa Kiingereza cha kazini, wewe Mwarabu jina hili umelitoa wapi? Sleyum akamweleza babu yake. Mtaliana akacheka mpaka akaegemea bomba. Akasema jina hilo limejaa dunia. Melini mwao wako wawili na si jamaa. Brazil kuna vijiji vizima, babu zao walikwenda kulima kahawa. Argentina wako. Australia wanakata miwa. Wote Trevizani, na wengi hawajui hata kusema Kitaliana.

"Kabila kubwa basi," nikasema.

"Si kabila, Mama Mdogo. Ndiyo nnayotaka kukwambia. Kuna mji unaitwa Treviso. Mtu wa mji ule akihama kwenda mji mwengine, wenyeji wanamwita yule wa Treviso. Wanawe wanaitwa hivyo, wajukuu wanaitwa hivyo. Jina limezaliwa nje. Ndani ya mji wenyewe utamwita nani yule wa Treviso, na wote ni wa Treviso?"

"Kama sisi," nikasema. "Unguja tulikuwa Wamanga. Tumefika huku kwa wenyewe Wamanga, tunaitwa Wazinjibari."

Akasimama. Mara ya kwanza nnamuona amesimama bila kugeuka geuka. "Ndiyo," akasema. "Lakini nyinyi mnaitwa. Mimi siitwi. Brazil wanaitwa, mpaka wakata miwa wa Australia wanaitwa. Mimi peke yangu ndiye nimeficha baba yangu kama nimemwiba."

Nikamwambia avue viatu.

Tangu siku ile akazidi. Usingizi mdogo, chakula kidogo, anapanda darini anashuka. Na mwengine akabadilika, na huyo ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi: Hind. Alikuwa mwari wa miaka kumi na saba, ulimi mkali, mwepesi wa kazi. Nikaona Sleyum akiingia, Hind anavuta kanga kichwani na kugeuza uso. Mama yake naye akaona.

"Unamjitandia kaka yako? Majirani wakikuona watasemaje?"

Hind akasema, "Kaka yangu nani?"

Masouda akamrushia ufagio. Haukumpata.

Kwa hiyo mimi nilikwisha jua. Sleyum anataka vitu viwili na vyote viwili viko nyuma ya mlango mmoja. Anataka jina la baba yake, na anamtaka Hind. Kama ni mtoto wa Marhoon, Hind hawezi kumuoa. Kama si mtoto wa Marhoon, Mutrah hawezi kukaa, maana shekhe alisema "wangu" kwa mtu asiye wake.

Mwaka wa sitini na nane akaja mposaji. Aflah, mwenye duka la vitambaa sokoni, mtu wa heshima, ndevu safi. Akafuata desturi, akaanza kwa kaka. Alimfuata Sleyum kazini akamwambia, "Nnamtaka dada yako."

Sleyum akamjibu, "Mimi sina dada."

Aflah akaona ametukanwa. Akaenda kwa Marhoon usoni kumeiva. Alasiri ile Marhoon akatuita wote ukumbini.

"Sleyum! Umemwambia nini mtoto wa watu?"

"Nimemwambia kweli, Baba."

"Kweli ipi?"

"Hind si dada yangu. Baba, wewe umenilea, umeniokoa, nnakubusu miguu. Lakini mimi ni Sleyum bin Thani bin Yusuf Trevizani. Na Hind nnamposa kwako, hapa, mbele ya mama na mama mdogo."

Masouda akapiga ukelele kama aliyeumwa na nge. "Mwanangu ananiposea binti yangu! Watu wa Mutrah watatupiga mawe!"

Marhoon alikaa chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilisema mwanangu mbele ya shekhe. Naye akanisemea kwa wali, mkuu wa mji. Nikirudi nikasema nilisema uongo, watatupakia sote melini."

"Basi nipakie mimi peke yangu," Sleyum akasema.

Nyuma ya pazia Hind akasema, "Na mimi."

"Wewe nyamaza huko!"

"Nimenyamaza miaka minne, Baba."

Mimi nikasema ninavyoona, maana hakuna aliyekuwa anauliza. Nikasema jambo hili si la shekhe kwanza, ni la Kadhi. Nasaba ya mtu ni haki ya baba yake aliyekufa. Marhoon akanitazama kama nimemmwagia maji ya moto, lakini asubuhi yake akavaa kanzu safi wakaenda Maskati, yeye na Sleyum.

Kadhi alikuwa mzee mkavu. Alimkemea Marhoon, na mengi aliyomwambia Marhoon hakuyarudia nyumbani. Moja alilirudia: "Miaka minne umemkalisha mwanamume ajinabi, si ndugu si mume, na wanawake wako vichwa wazi, kisha unaniambia umefanya kheri?" Lakini nasaba akasema ni jambo jepesi. Mungu ameamrisha watu waitwe kwa baba zao, na baba akiwa Mtaliana aliyesilimu ni baba vile vile. Walipatikana mashahidi wawili, wazee wa Unguja waliomjua Thani. Kisha Kadhi akasema:

"Kuoa, hapana. Mama wa msichana amesema alimnyonyesha huyu. Maneno hayo yamenifikia mimi mpaka huku. Ndugu wa maziwa hawaoani."

Marhoon akaapa si kweli. Kadhi akasema, "Aliyeyasema ndiye atakayeyatoa. Aje mwenyewe, na waje wanawake waliomsikia."

Ikawa sasa mambo yote yako kwa Masouda.

Akakataa. Akasema tumbo linamuuma. Akasema mguu. Nyumba ikawa haikaliki: Sleyum anashinda nje juani, Hind hasemi na mama yake, Marhoon anakwenda msikitini kabla ya adhana na harudi. Mimi nikimfuata Masouda jikoni, nikimfuata darini.

"Dada, sema neno moja, mtoto apate baba yake."

"Na mimi nipate nini? Nikisema sikumnyonyesha, nitasema sikumzaa. Nikisema sikumzaa, mimi mama wa nani? Niwe Umm Hind, mama wa binti mmoja tu, wanicheke kisimani?"

"Wakucheke!"

"Wewe hujazaa, Sayyida. Hujui."

Maneno yale yaliniingia. Nikashuka ngazi, sikusema naye mpaka Ijumaa. Halafu nikarudi, maana kunikasirisha kunawezekana, lakini kunirudisha nyuma hapana. Nikamwambia, "Mimi sijazaa, kweli. Lakini nilikuwapo siku Marhoon alipomleta. Alikuwa na kanzu imechanika begani. Wewe ulimuita jikoni ukamshonea ikiwa mwilini, na yeye akakwambia, mama yangu alikuwa anashona hivi hivi. Ukalia. Yule mama aliyekufa unamfuta, ukae wewe mahali pake?"

Masouda aliendelea kuchambua dagaa. Alichambua na wale waliokwisha chambuliwa.

Jumatatu asubuhi akavaa buibui akasema, "Twendeni kabla jua halijawa kali."

Mbele ya Kadhi tulikaa wanawake upande, na yule jirani mchokozi akiwamo, ameshika mdomo. Masouda akaulizwa. Akakunja ncha ya buibui. Akaulizwa tena.

"Hind ndiye mwanangu wa kwanza," akasema. "Kabla ya Hind sikuwa na maziwa. Sleyum alikuja kwangu anatembea. Nilisema nilimnyonyesha kwa sababu nilitaka awe wangu."

Kadhi akanigeukia mimi nithibitishe, nami nikathibitisha kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. Yule jirani akasema chini kwa chini, "Ya Rabbi, kumbe tasa wa wanaume." Nikamfinya paja. Nilimfinya hasa.

Shekhe hakuwa mwepesi kama Kadhi. Alimwambia Marhoon, "Mimi nilisema wangu. Sitasimama mara ya pili niseme si wangu, na hili jina la Kifaranja, jina la Kizungu, sitalipeleka kwa wali. Nyumba yako nimeisitiri, ukae. Yeye aoe, Mungu ambariki, na mwezi huu usiishe yuko Mutrah." Marhoon akabusu mkono wake. Hakukuwa na la kufanya.

Akdi ikafungwa nyumbani, halwa kidogo, watu wachache, Aflah hakuja na sikumlaumu. Tulikaa chumba cha ndani tukisikiliza ukutani. Kadhi akatamka taratibu: Sleyum bin Thani bin Yusuf Trevizani. Ulimi ulimganda kidogo kwenye lile la mwisho, akalirudia mpaka likamkaa sawa. Marhoon akasema, "Nimekuozesha." Sleyum akasema, "Nimekubali," kabla Marhoon hajamaliza, wanaume wakacheka, ikabidi waanze upya.

Lanchi ya kuwapeleka Dubai ilikuwa inaondoka asubuhi waliyoandikiwa nafasi. Hind alikuwa tayari, ameshika furushi la nguo, anataka kulia na anataka kucheka. Masouda alijificha jikoni. Akasema hatoki, atatokaje, yeye si chochote kwa mtu yule sasa.

Marhoon akamwambia kwa mlangoni, "Mwanamke, Kadhi kanieleza. Mama wa mke ni mama. Hajifuniki kwa mkwewe mpaka kufa. Miaka yote ile ulikuwa unakosa ukikaa naye kichwa wazi, leo ndiyo halali yako."

Masouda akatoka. Kichwa wazi, mikono ina unga, mbele ya wote akamshika Sleyum kichwa kama anamshika mtoto, akamvuta begani kwake akamkalisha juu ya mkeka. Na Sleyum akakaa. Lanchi inapiga honi na yeye amekaa, anashikwa nywele, hana haraka.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango. Mama mdogo wa mke si mama. Nikavuta buibui usoni, nikabaki na jicho moja. Aliponifikia akanyoosha mkono apokee wangu abusu, kama siku zote. Nikauingiza mkono ndani ya buibui.

"Mama Mdogo!"

"Sheria ni sheria," nikasema. "Mimi ndiye niliyeidai. Toka, utaachwa."

"Hata leo?"

"Leo hasa. Peleka mtoto wa watu salama. Na ukifika huko wakikuuliza wewe nani, usiseme kwa kunong'ona."

Akacheka, akainama mbele yangu bila kunigusa, akamtangulia Hind njiani. Nikawatazama mpaka kona ya soko. Alikuwa anakwenda mbio, Hind nyuma anamwambia punguza, punguza, mimi sina miguu yako.